Sauti ya Mke wa Mkuu wa Stesheni

Mume wangu alikuwa mfasiri wa sinema za Kihindi, na Kihindi chenyewe hakukijua hata neno la kuombea maji.

Ilikuwa miaka ya vita, pale Rumonge, Burundi, kando ya ziwa, katika mtaa wetu wa Waswahili. Alikuwa na chumba cha video kilichokuwa zamani ghala la mawese, na kuta zake zilikuwa nyekundu mpaka usawa wa kiuno. Ukiegemea, ulirudi nyumbani na doa mgongoni. Yeye alikaa kwenye kiti kirefu kando ya televisheni, kidole kwenye kitufe cha sauti. Wahindi wakianza kuongea, aliwapunguza mpaka wasisikike kabisa, akasema yeye badala yao: baba mkali, mama mjane, jambazi, msichana wa shamba. Wimbo ukianza, aliupandisha. Hakuna aliyemwuliza maneno ameyatoa wapi. Kaseti mpya ikifika aliitazama peke yake asubuhi, akakazia macho nyuso tu, na mchana alikuwa tayari anajua kila mtu amesema nini.

Mimi nilikaa mlangoni na beseni la sambusa na birika la chai. Nilizitazama sinema zote kwa upande, nikiona watazamaji zaidi kuliko sinema. Tulianza saa nane mchana tukamaliza kabla ya jua kuzama, kwa sababu giza likiingia hakuna aliyeruhusiwa kuwa barabarani. Siku nyingine milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani. Mume wangu aliongeza sauti ya televisheni, na watu walibaki wamekaa.

Kaseti hiyo ninayotaka kuieleza ilitoka Bujumbura, siku moja barabara ilipokuwa salama. Ilikuja bila ganda, bila karatasi, kwa hiyo hatukujua jina lake. Watu waliiita "ile ya treni". Burundi haina treni. Mume wangu aliwahi kupanda moja ujanani, kutoka Kigoma, na alijivuna sana kwamba mlio wake aliuweza.

Hadithi ni hii. Mwanamume mmoja ni mkuu wa stesheni ndogo, mahali pa vumbi ambapo treni hupita bila kusimama. Ana mke na hawana mtoto. Anaanza kupoteza masikio. Serikali ikijua, atafukuzwa, na nyumba wanayokaa ni ya kazi. Basi mke anamficha. Anamfundisha kuweka kikombe cha maji mezani: maji yakianza kutetemeka, treni inakuja. Anapiga kisigino sakafuni ili mumewe asikie kwa miguu. Mgeni akiuliza swali, mke anajipitisha mbele yake na kulirudia kwa midomo, kama anayechekelea. Hakuna ngumi, hakuna farasi, hakuna kaburi la mama mzazi. Nyimbo ni mbili tu, na mmoja haumaliziki. Mke anachota maji kisimani, anaimba, mume anamtazama kutoka dirishani, na katikati ya ubeti wimbo unafifia, unafifia, unabaki mvumo kama wa upepo kwenye chupa. Ni masikio ya yule mwanamume yanayokufa, na sisi tumewekwa ndani yake.

Vijana wa Rumonge hawakutaka kuwekwa humo. "Kaseti imekufa!" walipiga kelele, wakarusha maganda ya karanga. Nusu ya ukumbi ilitoka. Mume wangu aliwabembeleza na hawakurudi.

Kwa hiyo aliiweka Jumanne, siku ya akina mama. Walikuja wachache, wengine wakiwa na kazi zao za mikono, na hao waliipenda. Mimi niliipenda kabla yao wote. Nilimpenda yule mwigizaji mume kwa jambo moja dogo: hakuigiza uziwi kwa kuweka mkono sikioni kama wafanyavyo wacheza mchezo. Aliuigiza kwa macho. Alitazama midomo ya watu kama mwenye njaa anavyotazama sahani, na wenzake wakicheka, yeye alichelewa kidogo kucheka, kisha akazidisha. Na mkewe! Sikuwahi kumwona katika sinema nyingine. Hakuwa mzuri wa kusimamisha njia. Alikuwa na paji pana la uso na mikono ya mtu afuaye. Akitaka kulia alianza na tabasamu, tabasamu lenyewe likamshinda kulibeba. Nilisahau kumimina chai.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo mume amegeuka, anakunja bendera zake za kuongozea treni, na mke nyuma yake anamwambia mambo yote ambayo hajawahi kumwambia, kwa kuwa anajua hasikii. Mume wangu alilegeza sauti hapo, akasema taratibu: "Usiniangaliage vile, weye, nitacheka. Na nikicheka watajua. Miye nitakwenda, lakini usinishike mkono mbele ya watu. Nishike kwa macho. Si uko unajua? Nishike kwa macho tu."

Akina mama walivuta pua. Mimi pia nililia, mara ya kwanza. Mara ya pili nililia kidogo. Mara ya tatu machozi yalikauka katikati, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusikia.

Wanawake wote wa sinema zake aliwapa sauti za soko letu. Kila mmoja tulimtambua, tukacheka. Huyu peke yake alisema kama watu wa ng'ambo ya ziwa, kwa "weye" na "miye", akivuta mwisho wa neno kama anayevuta kamba ya mtumbwi. Na maneno yenyewe. Mwanamume gani hukaa kwenye kiti akabuni "usiniangaliage vile, nitacheka"? Tena mke anasema hivyo kwa mtu aliyempa mgongo, asiyemwangalia! Hayo hayakutungwa kwa ajili ya sinema. Hayo mtu aliambiwa, uso kwa uso.

Nikamwuliza tukiwa tunakula.

"Yule mwanamke wa treni, sauti yake umeitoa wapi?"

"Wapi tena? Kooni."

"Koo lako limeanza lini kusema 'weye'?"

Akacheka. "Iko sinema tu, mama watoto. Kula mihogo, inapoa."

Aliyenijibu ni wifi yangu, dada yake mkubwa, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mtu ambaye neno halikulala mdomoni mwake. Jumanne moja alikuja kukaa nami mlangoni. Ilipofika sehemu ile, aliacha kutafuna.

"Heee," alisema. "Mutu huyu hajasahau."

"Hajasahau nini?"

Alinitazama, akaona ameshachelewa. Basi akanieleza. Kabla yangu kulikuwa na msichana upande wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Baba yake alikuwa na boti ya kuvusha wafanyabiashara, na mume wangu alikuwa akienda kule mara kwa mara. Walikubaliana. Kisha baba akamwoza binti kwa mtu mwenye mali. Walionana mara ya mwisho ufukweni, watu wamejaa wanapakia magunia. "Sijue waliambiana nini," alisema wifi. "Lakini alirudi hapa akawa kama kuku aliyenyeshewa. Lakini iko zamani, wifi. Ni wewe aliyekuoa."

Ni mimi aliyenioa, ndiyo. Mahari yangu ilipokelewa, harusi yangu ilipigiwa dufu, na hakuna siku aliyoninyima chakula wala heshima. Hayo nilijihesabia kila nilipopika. Lakini kila Jumanne mwanamume wangu alipanda kitini mbele ya wanawake wa mtaa mzima akasema kwa sauti ya mwingine, na wao wakamlilia, na mimi nikawauzia sambusa.

Wivu una akili yake. Ulinifanya niijue sinema ile kuliko mtu yeyote duniani. Nilijua ni wakati gani yule mke anapitisha ushungi nyuma ya sikio. Nilijua kwamba akidanganya wakubwa wa mumewe, huwa anapanga vyombo, na akisema kweli mikono yake hutulia. Nilimtafutia kosa, nikakosa. Kisha nikaanza kumwona yule wa Baraka katika uso ule: paji lile pana, mikono ile, tabasamu lile la kuanguka. Niliwachukia wote wawili kwa pamoja, na bado nilimwambia mume wangu, "Jumanne tena iweke." Siku moja nilijifungia chumbani, nikajaribu mbele ya kioo kutabasamu kabla ya kulia. Nilionekana mtu anayeumwa jino.

Kisha vita vikawaka upande wa ng'ambo pia. Boti zilianza kuingia Rumonge na watu na magodoro, mbuzi, masufuria yenye masizi mabichi. Nasi wenyewe tulikuwa na watu walioshuka kutoka milimani wakilala kwenye madarasa, lakini tulisogea. Asubuhi moja wifi alikuja mbio kutoka bandarini, beseni kichwani.

"Amefika," alisema. Hakuhitaji kusema nani.

Nilimfuata wifi bandarini nikitarajia mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kuita. Alikuwa mfupi, mnene, amechoka, na watoto wawili wenye kikohozi. Amefunga vitenge viwili tofauti, cha chini kimeungua pembeni. Mumewe alikuwa amepotea njiani, hakujua yuko hai au la. Angekuwa mtu mbaya ningepumua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa salamu yetu ya amani, "Dada, amahoro. Watu wa hapa wako na roho nzuri." Nilimpa unga na chupa ya mawese. Nilipotoka pale wivu ulikuwa palepale, umeongezewa huruma juu yake, na viwili hivyo havikai vizuri tumboni.

Jumanne iliyofuata wifi alimleta kwenye video, akapumzishe mawazo.

Mume wangu alikuwa anafuta kioo cha televisheni. Alimwona mlangoni. Uso wake haukubadilika, ila kitambaa kiliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

"Karibu, dada. Pole na safari."

"Aksanti, kaka. Mungu yuko."

Basi, ni hayo tu. Akina mama wakaanza kudai treni. Mume wangu alikuwa ameshika kaseti nyingine, ile ya wezi wa almasi. Akanigeukia mimi.

"Weka ya treni," nilimwambia.

Siku hiyo sikutazama sinema. Nilimtazama yule mwanamke. Alikaa mstari wa pili, mtoto mmoja mapajani, anamvunjia karanga. Alicheka ilipofika sehemu ya kikombe cha maji. Alishangaa treni ilipopita. Wimbo ulipofifia aliuliza jirani yake kama umeme umepungua. Kisha ikafika sehemu ile, na mume wangu, ambaye angeweza kubuni maneno mengine, hakubadilisha hata moja. Alisema polepole kuliko siku zote, macho yake kwenye kioo. "Usiniangaliage vile, weye, nitacheka." Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka kifuniko cha birika nilidhani kitalia.

Mwanamke alimfuta mtoto kamasi. Akavunja karanga nyingine.

Ilipokwisha, watu walitoka, yeye akasimama mlangoni kungoja wifi. Nilimwuliza kama imempendeza.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini yule bibi anaongeaga sana pale mwisho. Bwana hasikii, anamwambia nini?" Akacheka, kisha akanigusa bega. "Dada, ile sauti ni ya weye, sindiyo? Wanaume banaibaga sauti za bibi zao. Nimesema moyoni, bwana huyu anapenda bibi yake."

Nyuma yangu mume wangu alikuwa anarudisha kaseti mwanzo. Nilisikia mkono wake umesimama.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yangu."

Tulifunga chumba, tukaenda nyumbani. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Alikaa kizingitini, akavua viatu.

"Hajajitambua," alisema.

"Nani anaijua sauti yake mwenyewe?"

"Si sauti. Maneno. Aliyasema yeye, pale ufukweni kwao, watu wanapakia magunia. Sikuongeza, sikupunguza. Ameyasahau."

Nilidhani nitafurahi. Mwanamke mwenyewe amekuja, amesikia, amevunja karanga! Nini tena nitake? Lakini niliona bega la mume wangu lilivyoshuka, na wivu ukanikaba upya, mkali kuliko ule wa mwanzo, kwa sababu mtu haumizwi hivyo na kitu kilichokwisha. Na nilimkasirikia yule mwanamke pia. Ametunziwa maneno yake miaka yote hiyo, kisha ameyapita kama anayepita mlango wa jirani. Mimi sikuwa nimepewa hata neno moja la kusahau.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Na mimi je? Katika sinema zako zote, nani anasema kama mimi?"

Alifikiri sana. Ningependa ajibu haraka.

"Yule mama mwenye hoteli," alisema, "kwenye ile ya wezi. Anayewafukuza kwa mwiko."

"Huyo tu?"

"Na polisi."

"Polisi!"

"Yule mkubwa wao, anayeuliza maswali mpaka mwizi anakubali mwenyewe."

Sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka nikaketi chini, naye akacheka, na tulipomaliza kucheka nilikuwa bado nina wivu, lakini nilikuwa na njaa pia, nikaenda kuwasha moto.

Mwanamke hakukaa Rumonge. Alipata watu wanaokwenda kusini, wakapita Nyanza-Lac mpaka Kabonga, wakavuka kuingia Tanzania kwenye kambi. Nilimfungia samaki wakavu wa njiani. Mume wangu aliwaaga watoto wake na akabaki bandarini mpaka gari lilipoondoka. Nilimwona, naye alijua nimemwona. Baadaye wifi alisikia kwamba mumewe alimkuta huko huko kambini, mzima.

Sisi nasi zamu yetu ilifika. Mapigano yalisogea mpaka mitaa ya juu, tukakimbia na watoto mgongoni, tukalala michikichini karibu na msitu wa Kigwena. Tuliporudi, televisheni, mashine na kaseti zote zilikuwa zimekwenda. Ghala likarudia kazi yake ya mafuta. Mume wangu alijifunza kutengeneza sabuni, na mdomo wake ukapumzika.

Miaka mingi baada ya vita, binti yetu alikuwa anafanya kazi Bujumbura. Alinisikia nikieleza ile sinema kwa mara ya mia, akachoka, akaandika kwenye kompyuta yake: stesheni, kiziwi, kikombe cha maji. Ikatokea. Picha ilikuwa safi, na chini yake maandishi ya Kifaransa.

Tuliitazama Jumapili mchana, mimi na mume wangu, tumekaa kwenye kochi la binti yetu kama wageni. Tuligundua mambo. Yule aliyekuwa kaka wa mke, kumbe ni mtu wa posta. Barua tuliyoililia ilikuwa tangazo la mnada. Mume wangu alijitetea kila mara: "Sura yake iko ya kaka, si mnaona?" Kisha ikafika sehemu ile. Mume anakunja bendera. Mke nyuma yake anafungua mdomo.

Hakuna kitu. Hakuna Kihindi, hakuna maandishi. Midomo inakwenda, na mvumo ule wa upepo kwenye chupa. Tumewekwa tena ndani ya masikio ya yule mwanamume, na hatutajua kamwe amesema nini.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua."

"Hapakuwa na neno hata moja."

"Wangepiga kelele kwamba kaseti imekufa," alisema. "Ilibidi niseme kitu. Nikasema nilichokuwa nacho."

Nilimwomba binti yangu arudishe nyuma. Safari hii nilimwona yule mwigizaji peke yake, bila Baraka, bila mume wangu. Anasema, anasita, anameza mate, anasema tena. Mkono mmoja unainuka kumgusa mumewe begani, unafika karibu, unageuka kuondoa uzi kwenye sare. Tabasamu linakuja, linashindwa. Hakuhitaji maneno ya mtu yeyote. Mume wangu alimwazima ya thamani kuliko yote aliyokuwa nayo, naye wakati wote alikuwa amekamilika. Nilimwonea wivu upya, na safari hii nilikuwa na haki, kwa sababu alistahili.

Binti yangu aliniambia sinema ile haikuwa na watazamaji hata kwao ilipotoka. Hakuna aliyeitaja, na yule mke hakupewa tena nafasi kubwa. Nilisikitika kweli. Halafu akashusha ukurasa, na chini kabisa kulikuwa na mtu mmoja, sijui wa nchi gani, ameandika kwamba mwanamke huyu ndiye mwigizaji bora aliyewahi kumwona, hasa pale anapoondoa uzi.

Yule mtu alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ni kweli. Lakini roho iliniuma, nikamwuliza binti yangu kama kuna njia ya kumwandikia. "Unataka kumwambia nini, mama?" Nikamwambia aandike kwamba sisi wa Rumonge tulimwona mapema zaidi.